Debe la Udongo Barazani

Harufu ya pamba nyeupe iliyonyunyiziwa maji kisha ikakandamizwa kwa pasi ya moto hainipendezi, ingawa watu wengi huisifu. Wajukuu wangu husema inanukia usafi. Mimi nikiisikia mabega yananishuka, kwa sababu ndiyo iliyojaa chumba chetu cha mbele kule Hamugembe, Bukoba, msimu mmoja wa mvua za vuli, enzi za Mwingereza, umeme ulipoingia nyumbani kwetu na mama yangu akapoteza mkono wake wa kulia. Haukukatwa. Alizikwa nao miaka mingi baadaye, lakini tangu msimu ule haukumenya tena ndizi wala kufunga kifungo. Habari hii nimeisimulia kwa watoto wangu, kwa wakwe zangu, na kwa mafundi wanaokuja na kuondoka, na kwa kweli nimechoka kuisimulia. Naiandika ili anayetaka kuijua aisome, aniache nipumzike.

Nyumba yetu ilikuwa ya matofali, bati juu na saruji chini, na baba aliijenga katika kibanja cha babu, katikati ya migomba na mibuni. Babu mwenyewe sikumkuta. Alikuwa amelala nyuma ya nyumba, hatua chache kutoka ukuta wa jikoni, chini ya migomba aliyoipanda kwa mkono wake. Kwetu sisi marehemu hapelekwi mbali. Anazikwa nyumbani, na walio hai wanaendelea kulima, kupika na kugombana pembeni yake. Watoto tulifundishwa kupita pale polepole na kutotupa maganda. Bibi, mama yake baba, alikuwa Mlutheri wa kukaa benchi la mbele kanisani, na bado kila asubuhi, baada ya kumsalimia kila mtu aliye hai, alienda kumsalimia mumewe. Alipiga goti, akang'oa jani moja au mawili yaliyoota pasipotakiwa, akampa habari za nyumbani kwa sauti ya kawaida kabisa: nani kajifungua, mbuzi gani anaumwa, mvua imechelewa. Sikuona ajabu yoyote. Niliona bibi yangu anazungumza na mumewe, jambo ambalo hata mama alilifanya na baba, ila babu alikuwa msikivu zaidi.

Baba alikuwa karani katika ghala la kahawa. Ninavyomkumbuka, alikuwa mtu aliyechoka. Alirudi jioni na vumbi la kahawa kwenye nyusi, akaketi, akavua viatu, na mtu angeweza kumwuliza jambo mara tatu kabla hajaitika. Mjini kulikuwa na mashine ya mafuta iliyozalisha umeme kwa ajili ya ofisi na nyumba za Wazungu na Wahindi, na ilipoamuliwa kwamba nguzo zifike upande wetu, baba alikuwa miongoni mwa wachache walioomba. Hakufanya hivyo kwa kujitukuza. Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao alimwachia pasi ya umeme, na baba aliitaka kwa ajili ya mama.

Mama ndiye aliyetunza kanzu za kwaya. Kina mama wa kanisa walimkabidhi kazi hiyo kwa sababu hakuna aliyejua kupiga pasi kama yeye. Mikunjo ya mikono ilisimama sawasawa hata mwisho wa ibada. Lakini alitumia pasi ya mkaa, na pasi ya mkaa ina tabia zake. Siku moja cheche iliruka ikatoboa kanzu ya mwimba solo kifuani, na mama alilia kama mtu aliyefiwa. Baba alipoileta pasi ya umeme, imefungwa kwenye gunia, aliiweka mezani na kusema, "Hii haina cheche, Mama Koku." Koku ni mimi. Nadhani hayo ndiyo maneno pekee ya mapenzi niliyowahi kumsikia baba akimwambia mama, na inanichosha kukumbuka kwamba yalihusu pasi ile.

Fundi aliyeletwa kuweka nyaya aliitwa Salum, Mwislamu wa pale pale mjini ambaye wazee wake walitoka pwani. Kiswahili chake kilitiririka hadi sisi watoto tukawa tunamfuata tumsikie tu. Kazi yake ilikuwa safi. Nyaya zilinyooka ukutani, swichi ya chumba cha mbele ikabofya vizuri, fyuzi akaziweka kwenye kisanduku karibu na mlango. Mwishoni alitoa fimbo ndefu ya shaba iliyounganishwa na waya mnene, akazunguka nyumba akitafuta pa kuipigilia. Ardhi ya Hamugembe ni mwamba uliofunikwa na udongo kidogo. Alipiga mbele, fimbo ikagonga jiwe. Akapiga ubavuni, jiwe tena. Ilizama vizuri sehemu moja tu, nyuma ya jikoni, palipokuwa na udongo mwingi, laini na wenye unyevu. Palikuwa miguuni pa babu. Kaburi lenyewe hakulikanyaga, na kwa mgeni palionekana kama shamba tu, kwa kuwa babu hakuwa na saruji wala msalaba wa kuonekana kwa mbali. Baba alikuwa kazini. Mama aliona, lakini mkwe hana mdomo wa kumwonyesha mgeni kaburi la baba mkwe wake, basi akanyamaza.

Jioni baba aliporudi, Salum alitueleza sote ile fimbo ni ya nini. Siku hizi mafundi huiita ethi. Alisema umeme ukipotea njia ndani ya chombo, kwa mfano waya ukichubuka ndani ya pasi, utakaa kwenye chuma ukimsubiri mtu. Waya huu utauchukua na kuupeleka ardhini, fyuzi itakatika, na mshika pasi hatajua hata kama kulikuwa na hatari. "Huu ndio mlinzi wa mama mwenye nyumba," alisema. "Msiuguse, na udongo wake usikauke." Tukaitikia ndiyo, ndiyo, ahsante fundi. Mama akampa chai na ndizi za kuchoma. Taa ikawaka. Majirani walikuja kuitazama ikiwaka, na baadhi yao waliketi chini ya taa ile kimya, wakiangalia mikono yao wenyewe.

Bibi wakati huo alikuwa Kagoma, upande wa Muleba, kwao alikozaliwa, kwenye msiba wa dada yake. Alirudi umeme ukiwa umeshazoeleka. Alifurahia taa, akasema sasa ataona vizuri mawe kwenye maharage. Asubuhi yake akaenda kumsalimia babu, na tukamsikia amenyamaza. Alirudi ndani polepole, akaketi kwenye mkeka wake, akakataa uji. Baba alipomsihi aseme, alisema, "Mwanangu, mmempigilia baba yako chuma miguuni. Mmemfunga kama ng'ombe." Baba akaeleza habari ya mlinzi, akaeleza umeme unavyopotea njia. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja: "Na huo umeme uliopotea njia, unapelekwa kwake?" Kwa kweli ndivyo ilivyokuwa. Bibi hakupiga kelele. Aliacha tu kula chakula cha jioni, na asubuhi hakwenda tena nyuma ya jikoni. Aliona aibu kumkabili mumewe. Alianza kukonda mbele ya macho yetu, na baba akakonda pamoja naye.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hadi leo linanitia hasira, ingawa hasira yenyewe imezeeka. Salum alikaa mwendo mfupi tu kutoka kwetu. Mtu angeweza kutumwa kumwita. Lakini kumwita kungemaanisha kumwambia kwamba alipigilia chuma kaburini, na mtu huyo alikuwa amekunywa chai yetu na kutufanyia kazi kwa moyo. Baba alisema ataona haya sana, na sisi tutaona haya kumwona akiona haya. Mama alikubali. Hata bibi alikubali, akasema mgeni asiumizwe kwa jambo asilolijua. Kwa hiyo Jumapili moja baada ya ibada, baba aliichimbua ile fimbo mwenyewe kwa uangalifu mkubwa, akaifuta, akatafuta debe la mafuta ya taa lililokwisha, akalijaza udongo mweusi wa kibanja, akaisimamisha fimbo ndani yake na kushindilia. Debe akaliweka barazani, kwenye saruji, penye kivuli. Waya aliupindisha ukafika vizuri. Alirudi nyuma akalitazama, na mara ya kwanza baada ya siku nyingi nilimwona ametulia. Fundi alisema udongo, na udongo ulikuwepo. Alisema usikauke, na mama alipewa kazi ya kuumwagilia. Kila aliyehusika alikuwa ametendewa heshima: babu, bibi, fundi, na Mzungu aliyeiacha pasi.

Mama, ambaye hakuweza kuona udongo mzuri ukikaa bure, akapanda vitunguu vya majani kwenye lile debe kuizunguka fimbo. Vilistawi sana. Tulivikatia kwenye maharage.

Bibi akarudi kula na akarudi kwa mumewe, nyumba ikapona. Pasi ilifanya kazi. Mvua zilizidi, ukungu ukawa unapanda kutoka ziwani na kukaa migombani hadi mchana, na nguo hazikukauka ila kwa pasi. Mama alikuwa akisubiri umeme uje alasiri, mashine ya mjini ilipowashwa, akatandika blanketi mezani, na harufu ile ikaanza. Waya wa pasi ulifunikwa kwa kitambaa kilichofumwa, na pale unapoingia kwenye pasi kitambaa kilianza kuchakaa kwa kukunjwa na kunyooshwa. Siku moja mama alisema pasi inamtambaa vidoleni kama siafu. Baba, akiwa amevua viatu, akauliza, "Sana?" Mama akajibu, "Kidogo tu." Akaokota ubao mkavu akawa anasimama juu yake, na siafu wakapungua. Akajua pia kwamba siku ya jua haimtambai na siku ya mvua inamtambaa, na akapanga kazi zake hivyo, kama vile mtu anavyomzoea mbwa mkali wa jirani. Alimwambia baba tena mara moja hivi. Baba akasema atamwita Salum msimu wa kahawa ukiisha. Nafikiri alisita kumwita kwa sababu ya lile debe pale barazani. Angeingiaje mlangoni asilione?

Kwetu, siku ya Jumamosi nyumba ilitandazwa nyasi mbichi. Bibi hakukubali kwamba saruji imeiondolea nyumba haki ya kutandazwa. Alizikata mwenyewe bondeni, akazileta kichwani zikichuruzika maji, akazisambaza chumba cha mbele chote ili Jumapili ituamkie pazuri. Jumamosi ile ilikuwa ya kabla ya sikukuu ya mavuno, na kanzu zote za kwaya zilikuwa zimerundikwa mezani. Bibi alipotandaza, aliuondoa ubao wa mama, kwa kuwa ulikuwa unaharibu utandazaji, akauegemeza ukutani. Mama alikuwa jikoni. Alirudi haraka kwa sababu umeme ulikuwa umeshafika, akavua viatu mlangoni kama mtu yeyote anavyofanya kwenye nyasi mpya, akaishika pasi.

Hakupiga yowe. Hilo ndilo jambo ambalo watu hawanielewi nikiwasimulia. Alitoa sauti ndogo, kama mtu anayebeba mzigo mzito, akabaki amesimama amejikaza, mkono umeng'ang'ania pasi, macho yanamtazama bibi. Mimi nilidhani amekasirika. Bibi alisema, "Mama Koku?" Kisha akalia kwa lugha yetu, "Mawe!" yaani mama yangu, akachukua mpini wa jembe uliokuwa nyuma ya mlango, akaupiga ule mkono kwa nguvu zake zote, mara mbili, hadi pasi ikaanguka na mama akaanguka juu ya nyasi. Hakujua kwamba mti mkavu haupitishi umeme. Alipiga kama anavyopigwa nyoka. Harufu niliyoisikia wakati ule sitaieleza hapa.

Mama alikaa hospitali mpaka mvua zikaisha. Kiganja kiliungua hadi ndani, na kilipopona vidole vilijikunja, vikakataa kunyooka. Kina mama wa kwaya walikuja na matoke na nyimbo, wakamwambia ashukuru kwa kuwa yu hai. Alishukuru. Alikuwa na adabu hata pale kitandani. Baba aliketi pembeni yake na kofia yake magotini, na kila alipoulizwa imekuwaje alijibu, "Ni ajali ya umeme."

Salum alikuja bila kuitwa, alipopata habari mjini. Alimsalimia bibi shikamoo, akaomba kuiona pasi, akaufungua waya na kuonyesha pale ulipochubuka na kugusa chuma. Halafu akauliza mbona fyuzi haikukatika, akatoka nje kuufuata waya wake, akafika barazani. Alisimama mbele ya debe la vitunguu muda mrefu. Aliligusa kwa mguu, likasogea kwenye saruji. "Umeme hauwezi kwenda popote kutoka humu," alisema hatimaye. "Ni sawa na sufuria." Baba akamweleza yote, na sauti yake ilikuwa ya mtoto anayesoma somo asilolijua. Salum akaweka mikono kichwani. "Mzee wangu, mngeniambia tu. Ningeuongeza waya nikaupeleka kule bondeni, mbali kabisa na marehemu. Ni kazi ya asubuhi moja." Ilikuwa asubuhi moja tu ya kumwona mtu akiona haya.

Salum akaanza kung'oa fimbo ili aipeleke bondeni. Bibi akamzuia. Aliichukua fimbo mkononi mwake, vitunguu vikiwa bado vimening'inia, akamwongoza hadi nyuma ya jikoni, kwenye tundu lile lile. "Irudishe hapa," alisema. Baba akasema, "Waitu, mama, si lazima, fundi anasema bondeni panafaa." Bibi akajibu bila kumtazama, "Huyu aliyelala hapa ndiye aliyenichagulia mkwe. Amlinde yeye. Nimeshazungumza naye." Akapiga goti pembeni wakati nyundo ikishuka, na kila pigo nilimwona akifumba macho kama linampiga yeye.

Tangu siku ile hadi alipofariki, bibi ndiye aliyemenya ndizi za nyumba ile. Mkwe akimenyewa na mama mkwe ni jambo la kuchekesha majirani, na walicheka kidogo, kisha wakaacha. Mama alijifunza kutumia mkono wa kushoto kwa mambo mengi, lakini kanzu za kwaya zilikwenda kwa mwingine, na Jumapili niliona anavyozitazama, mikono yake ikiwa imefichwa chini ya kanga. Sikuwahi kusikia mtu akimwomba msamaha. Baba hakumwomba, bibi hakumwomba, na yeye hakudai. Walizidi kuheshimiana tu, mwaka hadi mwaka, na mimi nilikua nikiwapenda wote watatu na kuwakasirikia wote watatu, na nikaapa kwamba nitakuwa mtu asiye na adabu hiyo.

Wakati ule nyumba zenye umeme Hamugembe zilihesabika na jirani mmoja akisimama barabarani. Leo hata kule Kagoma, alikojenga mwanangu, waya umefika kila ua, na watu wanaoutumia hawaushangai tena. Mwezi uliopita nilikwenda kumtembelea. Mjukuu wangu mdogo alikwenda kufungua friji, na kabla hajaigusa mama yake alimwambia kutoka jikoni, kwa sauti tulivu ya kila siku, "Vaa ndala kwanza." Mtoto akavaa ndala, akafungua. Niliuliza kwa nini. Mkwe wangu akacheka, akasema, "Inapiga kidogo, mama, lakini tumeshaizoea." Niliuliza ethi ipo wapi. Mwanangu akasema fundi aliyefunga nyaya alisahau, na ni rafiki yake, mtu mzuri, haipendezi kumsumbua kwa kitu kidogo, atakuja tu siku moja.

Maneno nimeyasema mengi mno maishani mwangu. Nikainuka, nikashika ukuta, nikazima swichi kuu ya nyumba, nikavuta kiti nikaketi chini ya swichi ile, mtu asiiwashe. Mwanangu alisema nyama itaharibika. Mkwe wangu alinibembeleza kwa uji. Kiza kilipoingia waliwasha mshumaa wakala kimya, wakinitazama kama mzee aliyeanza kuchanganyikiwa. Asubuhi nyama ilikuwa inanuka, na yule rafiki mzuri aliitwa, akaja akiona haya sana, hajui aangalie wapi. Nilimwangalia akiona haya. Hakufa.